Vizio vya Hesabu: Kutoka Vibao vya Nippur hadi Kompyuta

Namba yenyewe haina kizio. Ng'ombe kumi na wawili walioko zizini ni wale wale, awe anayewahesabu ni karani wa Babeli, mnajimu wa Yucatán au mashine ya kompyuta. Kinachobadilika ni namna idadi hiyo inavyoandikwa, na kwa hiyo namna inavyojumlishwa, inavyotolewa, inavyozidishwa na inavyogawanywa. Kizio ni ile idadi ambayo, ikishatimia, hufungwa kuwa fungu moja na kuhamishiwa nafasi inayofuata upande wa kushoto. Katika kizio cha kumi, maandishi 347 husomeka kuwa mamia 3, makumi 4 na mamoja 7. Lakini idadi hiyo hiyo ikiandikwa katika kizio cha nane, ambamo thamani za nafasi ni moja, nane na sitini na nne, huwa 533, kwa kuwa 5 mara 64, ukiongeza 3 mara 8, ukiongeza 3, hufika 347 bila kupungua wala kuzidi.

Kanuni za matendo manne ya hesabu hazibadiliki kizio kinapobadilika, na hilo ndilo linalomwezesha mtoto aliyejua kujumlisha vizuri katika kizio cha kumi kujifunza kujumlisha katika kizio cha nane kwa muda mfupi. Kinachobadilika ni mahali pa kufunga fungu, na jambo la pili ambalo vitabu vingi vya shule hulipita haraka mno: kila kizio huchagua sehemu zitakazoandikika kwa ukamilifu na zile zitakazokwenda bila kikomo. Historia ya vizio, ikifuatwa kwa makini, ni historia ya watu waliotaka kugawanya kitu fulani, na wakalazimika kuishi na yale ambayo kizio chao hakikukubali kuyagawanya.

Viganja viwili vyenye vidole kumi vimeacha alama katika lugha nyingi za dunia, lakini si kwa njia moja. Wamakua, walioko kusini mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji, huitaja sita kuwa tano na moja, kwa hiyo mkono mmoja ndio fungu lao la kwanza. Wayoruba wa Nigeria hujenga namba zao juu ya ishirini na tena hutumia kutoa pale ambapo wengine wangejumlisha: arobaini na tano hupatikana kwa kuchukua ishirini tatu, kuondoa kumi, kisha kuondoa tano. Anayezoea mfumo huo hufanya matendo mawili ya kichwa kila anapotamka namba ya kawaida, na ni kosa kuuita mfumo duni kwa sababu tu haufanani na ule wa shuleni. Katika pwani ya Afrika Mashariki nafaka ilipimwa kwa kibaba, kisaga chenye vibaba viwili, na pishi yenye visaga viwili. Wapimaji hao walikuwa wakihesabu kwa kuongeza maradufu, ingawa idadi ya mapishi yenyewe waliitaja kwa makumi.

Mfumo wa kwanza unaojulikana ambao thamani ya alama ilitegemea nafasi yake ulistawi Babeli, katika nchi ambayo leo ni Iraki, na kufikia kati ya mwaka 2000 na 1600 Kabla ya Kristo ulikuwa umekamilika kiasi cha kufundishwa shuleni. Kizio chake kilikuwa sitini. Karani alikuwa na alama mbili tu, zilizobonyezwa kwa ncha ya tete juu ya udongo mbichi: kabari iliyosimama kwa moja na kabari ya pembe kwa kumi. Kwa kuzirudia alama hizo aliandika kila idadi kuanzia moja hadi hamsini na tisa, na ilipofika sitini alirudi kwenye kabari iliyosimama, ila akaiweka nafasi moja kushoto. Mwanzoni hapakuwa na alama ya sifuri, wala alama ya kutenganisha namba kamili na sehemu, hivyo kabari moja iliweza kuwa moja, sitini, elfu tatu na mia sita, au sehemu moja ya sitini, na msomaji alijua ni ipi kutokana na swali lililokuwa mbele yake.

Sitini hugawanyika kwa 2, 3, 4, 5, 6, 10, 12, 15, 20 na 30 bila kubakiza, na Wababeli waliutumia wingi huo wa vigawo kwa ustadi mkubwa. Kwao, kugawanya kulifanywa kwa kuzidisha. Katika shule za mji wa Nippur wanafunzi walinakili, tena na tena, majedwali ya vinyume, yaani jozi za namba ambazo zikizidishwa hutoa sitini: kinyume cha 2 ni 30, cha 3 ni 20, cha 4 ni 15, cha 5 ni 12, na cha 8 ni 7 na nusu, ambacho wao walikiandika 7 30. Aliyetaka kugawanya 50 kwa 8 alizidisha 50 kwa 7 30, akapata 375 katika nafasi ya sehemu za sitini, ambayo ni sitini sita na kumi na tano. Jibu likawa 6 15, maana yake sita na robo. Majedwali hayo yana pengo moja ambalo halikuwa la bahati mbaya. Baada ya 6 huja 8, kwa sababu 7 haimo miongoni mwa vigawo vya sitini wala vya vipeo vyake, na kinyume chake huandikwa 8 34 17, kisha 8 34 17 tena, bila mwisho.

Ufundi huo unaonekana vizuri zaidi katika kibao kidogo cha udongo kilichohifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Yale nchini Marekani, kinachojulikana kwa namba YBC 7289. Kimechorwa mraba pamoja na milalo yake, yaani mistari inayotoka pembe moja hadi pembe iliyo mkabala nayo. Ubavu wa mraba umeandikwa 30. Juu ya ulalo kuna 1 24 51 10, ambayo ni kipeuo cha pili cha mbili, na chini yake kuna 42 25 35, urefu wa ulalo wenyewe. Mtu anaweza kuirudia hesabu hiyo leo kwa kalamu na karatasi. Thelathini mara 10 ni 300, ambayo ni sitini tano kamili. Hivyo nafasi ya mwisho hubaki tupu na 5 huhamia kushoto. Thelathini mara 51 ni 1530, na ikiongezwa 5 huwa 1535, yaani sitini 25 na kubaki 35. Andika 35, hamisha 25. Thelathini mara 24 ni 720, na 25 iliyohamishwa hufanya 745, yaani sitini 12 na kubaki 25. Andika 25, hamisha 12. Thelathini mara 1, ukiongeza 12, ni 42. Hatua ni zile zile za shule ya msingi, ila mahali pa kufunga fungu ni sitini. Thamani ya kipeuo hicho ikigeuzwa kuwa desimali ni 1.414212 kwa tarakimu za kwanza, nayo haikosei katika tarakimu tano za kwanza baada ya nukta, usahihi unaostahili heshima kubwa ukikumbuka kwamba ulifikiwa zaidi ya miaka 3600 iliyopita.

Wamisri wa kale walifuata njia nyingine. Waliandika namba kwa makumi, bila thamani ya nafasi, lakini walipozidisha walitegemea kuongeza maradufu, kama inavyoonekana katika mafunjo ya Rhind yaliyonakiliwa na karani Ahmes karibu mwaka 1550 Kabla ya Kristo na ambayo sasa yamo katika Jumba la Makumbusho la Uingereza. Ili kuzidisha 24 kwa 13, karani aliandika 24 mbele ya 1, 48 mbele ya 2, 96 mbele ya 4 na 192 mbele ya 8. Kisha aliweka alama kwenye 1, 4 na 8, ambazo jumla yake ni 13, akajumlisha 24, 96 na 192, na jibu likawa 312. Bila kuwa na kizio cha mbili katika maandishi yake, alikuwa ameivunja 13 kuwa vipeo vya mbili, na hakuhitaji kukariri jedwali la kuzidisha hata moja.

Ng'ambo ya Atlantiki, Wamaya wa Amerika ya Kati walihesabu kwa ishirini. Nukta ilikuwa moja, kistari kilikuwa tano, na umbo linalofanana na kombe lilikuwa sifuri halisi iliyoshika nafasi isiyo na kitu. Kujumlisha kulikuwa kwepesi mno: nukta na vistari vya namba mbili hukusanywa pamoja, kila nukta tano huwa kistari, na kila vistari vinne huwa nukta moja katika ngazi ya juu, kwa maana Wamaya waliandika namba kutoka chini kwenda juu. Katika kuhesabu siku, hata hivyo, waliivunja kanuni yao wenyewe mahali pamoja: siku 20 zilifanya winal, lakini winal 18, si 20, zilifanya tun ya siku 360, ambayo hukaribia mwaka wa jua, baada ya hapo walirudi kwenye ishirini, hivyo katun ikawa siku 7,200 na baktun siku 144,000. Vitabu vingi vya Wamaya viliteketezwa kwa amri ya padri Diego de Landa katika mji wa Maní mwaka 1562, na hasara hiyo haijafidiwa mpaka leo. Miongoni mwa vichache vilivyosalia, kile kilichoko Dresden, Ujerumani, kimejaa hesabu za namna hiyo za mwenendo wa sayari ya Zuhura.

Kizio cha kumi chenye thamani ya nafasi, ambacho ndicho kilichoenea duniani kote, kilikomaa India. Mwaka 628 Brahmagupta aliandika kanuni za kujumlisha, kutoa na kuzidisha kwa sifuri kama namba kamili yenye haki sawa na nyingine. Karibu mwaka 825, al-Khwarizmi aliyefanya kazi Baghdad aliandika kitabu cha hesabu za Kihindi, na mnamo 952 al-Uqlidisi wa Damascus alionyesha jinsi ya kuendeleza nafasi za kumi upande wa kulia wa namba kamili, yaani desimali. Hata hivyo wanajimu wa Kiislamu hawakukiacha kizio cha sitini, kwa kuwa majedwali ya nyota waliyorithi yalikuwa yameandikwa humo, na kwa karne kadhaa mwanahesabu mmoja alilazimika kuvijua vizio viwili na kuvuka kutoka kimoja hadi kingine.

Hakuna aliyevuka kwa ustadi zaidi ya Jamshid al-Kashi, mzaliwa wa Kashan aliyefanya kazi Samarkand katika baraza la Ulugh Beg. Mwaka 1424 alikamilisha risala kuhusu mzingo wa duara, na shabaha aliyojiwekea ilikuwa kwamba kosa, hata kwa duara kubwa kama ulimwengu, lisizidi unene wa unywele wa farasi. Alihesabu kwa kutumia umbo lenye pande 805,306,368, na alifanya kazi yote katika kizio cha sitini hadi akapata uwiano wa mzingo na nusu kipenyo kuwa 6, kisha nafasi tisa za sehemu zinazoanza na 16 59 28. Baada ya hapo aliigeuza thamani hiyo kuwa desimali yenye tarakimu 16 baada ya nukta, 6.2831853071795865, na zote ni sahihi. Kugeuza sehemu kutoka sitini kwenda kumi ni kuzidisha kwa kumi mara kwa mara na kuichukua kila namba kamili inayojitokeza. Al-Kashi alifanya hivyo ili jibu liwafae wale wasiojua hesabu za wanajimu, na mwaka 1427 akazifafanua desimali kwa kirefu katika kitabu chake cha ufunguo wa hesabu.

Ulaya ilizipokea desimali baada ya Simon Stevin kuchapisha kijitabu chake mwaka 1585, na tangu hapo kizio cha kumi kilianza kuvamia vipimo na fedha. Mapinduzi ya Ufaransa yalijaribu hata kuigawa siku kuwa saa kumi zenye dakika mia moja kila moja. Sheria hiyo ya mwaka 1793 ilisitishwa mwaka 1795, na saa imebaki na sitini za Babeli. Afrika Mashariki nayo ilipitia badiliko kama hilo katika fedha. Rupia iliyotumika pwani ilikuwa na ana 16, na ana ilikuwa na pesa nne, hivyo rupia ilikuwa pesa 64. Aliyejumlisha rupia 2 na pesa 50 na rupia 1 na pesa 30 alipata pesa 80, akafunga 64 kuwa rupia moja, na jumla ikawa rupia 4 na pesa 16. Mwaka 1904 serikali ya Kijerumani iliigawa rupia yake kuwa heller 100. Kujumlisha katika daftari kukawa rahisi, lakini pesa 64 zilikuwa zikigawanyika nusu kwa nusu mara sita hadi kufika pesa moja, ilhali heller 100 hukwama baada ya mara mbili tu, kwenye 25.

Gottfried Wilhelm Leibniz aliandika mswada wake wa kwanza kuhusu kizio cha mbili mwaka 1679. Mwingereza Thomas Harriot alikuwa amewahi kukitumia katika karatasi ambazo hakuzichapisha, naye Juan Caramuel alikieleza mwaka 1670, lakini Leibniz ndiye aliyeona kwamba katika kizio hiki hesabu yote hurahisika hadi karibu hakuna cha kukariri. Tarakimu ni 0 na 1 tu. Moja na moja ni 10, maana yake mbili. Na kuzidisha ni kunakili au kutonakili. Kwa mfano, 1011, ambayo ni kumi na moja, ikizidishwa kwa 101, ambayo ni tano, hunakiliwa mara moja mahali ilipo na mara ya pili ikiwa imesogezwa nafasi mbili kushoto, kisha nakala mbili hujumlishwa kuwa 110111, yaani hamsini na tano. Katika mswada huo huo alibuni mashine ya golori, ambayo golori ilikuwa moja na tundu lisilo na golori lilikuwa sifuri. Alipochapisha makala yake mjini Paris mwaka 1703, aliihusisha na michoro 64 ya kale ya Kichina aliyopelekewa na mmisionari Joachim Bouvet kutoka Beijing, akiamini kwamba Wachina wa zamani walikuwa wamekijua kizio hicho. Hakuwashauri watu wakitumie sokoni, na alikuwa na haki, kwa kuwa elfu moja katika kizio cha mbili huhitaji tarakimu kumi, 1111101000.

Urefu huo ni mzigo kwa mkono wa binadamu, si kwa swichi. Mwaka 1937 Claude Shannon, mwanafunzi wa chuo cha MIT, alionyesha katika tasnifu yake kwamba saketi za swichi zinazofunguka na kufungwa zinaweza kutekeleza mantiki na hesabu za kizio cha mbili, na mwaka 1941 Konrad Zuse alikamilisha Berlin mashine ya Z3 iliyofanya kazi kwa kizio hicho. Ushindi haukuwa wa papo hapo. ENIAC, mashine ya Kimarekani iliyozinduliwa Februari 1946 ikiwa na vali za elektroniki zipatazo 18,000, ilihesabu kwa makumi, na kila tarakimu ilihitaji duara la saketi kumi ambapo moja tu huwaka kwa wakati mmoja. Saketi kumi kama hizo, zikiachwa zihesabu kwa kizio cha mbili, huweza kushika namba zote hadi 1023. Ripoti ya John von Neumann ya Juni 1945 kuhusu mashine ya EDVAC ilipendekeza kizio cha mbili kwa sababu hiyo ya vifaa, na waundaji wengi walimfuata.

Walikuwapo waliochagua tatu. Nikolay Brusentsov na wenzake katika Chuo Kikuu cha Moscow walikamilisha mwaka 1958 kompyuta iliyoitwa Setun, yenye tarakimu tatu: moja, sifuri na hasi moja. Katika mfumo huo tano ni tisa kutoa tatu kutoa moja, na hasi tano hupatikana kwa kugeuza alama zote bila kuhitaji ishara ya kutoa mbele ya namba. Ni mfumo mzuri mno kihesabu, na kuachwa kwake baada ya mashine zipatazo hamsini kuundwa hakukutokana na kasoro yoyote ya hesabu zake.

Kizio cha mbili kina kigawo kimoja tu, yaani mbili yenyewe, na kwa hiyo hata sehemu moja ya kumi, ambayo katika fedha na vipimo hutumika kila siku, haina mwisho ndani yake: huandikwa 0.000110011 na kundi 0011 huendelea daima. Kompyuta hukata mahali fulani, na kilichokatwa hujilimbikiza. Tarehe 25 Februari 1991, mjini Dhahran, Saudi Arabia, mtambo wa makombora ya kujikinga aina ya Patriot ulikuwa umewashwa kwa takriban saa 100 mfululizo. Saa yake ya ndani ilihesabu kwa sehemu za kumi za sekunde, ambazo ziligeuzwa kuwa sekunde kwa kutumia thamani iliyokatwa kwenye biti 24, yaani tarakimu 24 za kizio cha mbili. Kosa la chini ya sehemu moja ya milioni kumi ya sekunde katika kila hesabu lilikuwa limefikia sekunde 0.34, muda ambao kombora la Scud husafiri zaidi ya nusu kilomita. Mtambo ulilitafuta kombora hilo la Scud, lililorushwa na Iraki, mahali ambapo halikuwapo, na wanajeshi 28 wa Marekani waliuawa kambini mwao.

Hesabu za fedha zina hatari ya namna hiyo hiyo, ingawa hasara yake ni ya senti na si ya roho za watu. Kanuni ya kimataifa ya hesabu za kompyuta, IEEE 754, ilipotolewa mwaka 1985 ilieleza maumbo ya kizio cha mbili peke yake. Marekebisho ya mwaka 2008 yaliongeza maumbo ya kizio cha kumi, na tangu hapo watengenezaji wa programu za benki na za kodi wana njia iliyokubaliwa ya kuihifadhi sehemu moja ya kumi bila kuikata.